Msaka vipaji na goti la Tamrah

Saa mbili asubuhi, katikati ya Julai, ukumbi wa mashindano ya mpira wa kikapu ya wasichana wa sekondari umeshajaa joto. Viwanja vinne vimepangana, mipira inadunda yote kwa pamoja, viatu vinalia sakafuni. Pembeni wameketi makocha wa vyuo zaidi ya mia waliokuja kusaka vipaji, kila mmoja na fulana ya rangi ya chuo chake, na hakuna anayewasemesha wachezaji.

Lavonne Pettway, 51, yuko mstari wa mbele kwenye uwanja wa tatu, fulana ya rangi ya chungwa, kalamu sikioni. Kiti hicho amekiwahi tangu saa kumi na mbili na nusu. Macho yake yanamfuata binti mmoja tu: Tamrah Goodloe, miaka 17, futi sita na inchi moja, goti la kushoto limefungwa bandeji nyeusi.

Tamrah anadaka ribaundi, anageuka, anarusha pasi ndefu bila hata kuangalia. Lavonne anafumba macho.

"Nikifumba hivi namwona chuoni kwetu," ananong'ona. "Anatokea mlango wa wachezaji, taa zimewaka, watu wote wamesimama. Mpaka ngoma nazisikia." Anafumbua. "Halafu nakumbuka ukumbini kwetu taa mbili ni mbovu."

Mwezi huu sheria inamruhusu kutazama tu. Mchezaji hasemeshwi, mzazi wake hasemeshwi. Ukikutana naye mlangoni ni salamu moja na kupita. Fulana ndiyo inayosema: binti akiinua macho akaiona rangi, anajua umekuja kwa ajili yake.

"Kazi yangu Julai ni kuonekana," anasema. "Nikienda kununua soda, kumbe ndiyo dakika aliyoangalia huku, imekula kwangu."

Siku moja kabla aliingia chooni, mara akasikia sauti ya Tamrah na wenzake wakipiga soga kwenye masinki. Akabaki amejifungia humo dakika kumi na nne. Alipotoka, Corliss Baird, msaka vipaji wa chuo kikubwa cha jimbo jirani, alikuwa anamsubiri kwa kicheko.

"Vonnie, tulidhani umezama!"

"Afadhali kuzama kuliko kuvunja sheria, mama."

"Na fulana yenyewe hiyo. Unaonekana toka barabara kuu."

"Ndiyo maana yake."

Lavonne ni kocha msaidizi wa Chuo cha Ellison Hill, Alabama, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chuo kina wanafunzi elfu moja na mia tisa, mshahara wake ni dola 38,000 kwa mwaka, na gari la chuo analoendesha limeshabadilishwa injini. Kila mwaka anakata maili elfu arobaini akitafuta mabinti wa sekondari wenye mpira mkononi. Njiani hawashi redio. Anapita mashamba ya pamba akiwapanga wachezaji ambao bado hawajasema ndiyo, huyu kulia, huyu kushoto, na mara mbili ameshapitiliza njia ya kutokea barabara kuu.

Yeye mwenyewe alicheza. Alikuwa mfupi lakini mwepesi, na msimu wake wa mwisho alifunga alama nyingi kuliko msichana yeyote wa kata yao.

"Hakuja mtu," anasema. "Hata fulana moja. Kila mechi natazama jukwaani, naona mama yangu na mchungaji. Inauma mpaka leo, sitakudanganya."

Kazi hii ina elimu yake, na nyingine ameipata kwa kuumia. Mwaka 2011 alitembelea nyumba tatu siku moja. Mbili za kwanza alikula akashiba. Ya tatu akaletewa pai ya pichi, akasema asante, nimetosheka.

"Mama mtu alichukua kitambaa akaifunika ile pai polepole. Nikajua hapa sina changu."

Binti yule alikwenda chuo kingine. Tangu hapo, siku ya kwenda nyumbani kwa mtu, Lavonne hatii kitu mdomoni tangu asubuhi.

Kwa Tamrah alikuwa na sababu ya kufunga hata siku mbili. Katika miaka yote hiyo, Ellison Hill hakijawahi kumpata mchezaji aliyemo katika mia bora wa nchi. Tamrah alikuwa wa thelathini na nane kabla goti halijachanika kano. Baada ya upasuaji, vyuo vilivyokuwa vikimwandikia kila wiki vilipungua hadi vitano. Na mkataba wa Lavonne unaisha Mei. Kocha mkuu alimwambia wazi kwamba asipoleta mmoja wa juu safari hii, hataweza kumtetea.

Septemba, sheria iliporuhusu, alipiga hodi mjini Beulah Springs, kwenye nyumba nyeupe ambamo Tamrah analelewa na bibi yake, Earlene Goodloe, 74. Mezani palikuwa na kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya nguruwe, na mkate wa mahindi. Lavonne alikula sahani mbili na kuomba ya tatu.

"Huyu anakula kama mtu," bibi akamwambia mjukuu wake. "Yule kocha wa gari jipya alidonoadonoa kama kuku mgonjwa."

"Bibi, jamani!"

"Nimesema uongo?"

Lavonne akatandaza karatasi zake: masomo, ratiba, picha za mabweni. Bi Earlene hakuzigusa. Alisubiri Tamrah apeleke vyombo jikoni, akainama mbele.

"Binti yangu, mambo ya mpira siyajui. Nieleze moja. Usiku ule goti lilipochanika, mtoto alilia mpaka kukakucha na mimi nimemshika mguu. Huko kwenu likichanika tena, nani atakaa naye?"

"Mimi," Lavonne akajibu.

Neno hilo lilimtoka kabla hajalifikiria. Ukweli ni kwamba Ellison Hill kina mtabibu mmoja wa michezo, Weldon Sykes, anayehudumia timu kumi na moja, na msimu wa mechi za wanaume huwezi hata kumwona. Corliss, kwa upande wake, chuoni kwao ana jengo zima la magoti.

"Nilisimamisha gari kando ya barabara," anasimulia. "Nikajiuliza, Lavonne, umeahidi au umedanganya? Nikakaa pale hadi taa za mji zikawaka."

Ikafika Jumatano ya pili ya Novemba, siku ya wachezaji kutia saini na vyuo walivyochagua. Ukumbi wa sekondari ya Beulah Springs ulijaa, na mbele paliwekwa meza yenye kofia tano, kila chuo na kofia yake. Desturi inajulikana: binti anasimama, anawashukuru Mungu na bibi yake, kisha anaivaa kofia ya chuo anachokwenda. Makocha wa vyuo hawaruhusiwi kukanyaga hapo siku hiyo.

Kwa hiyo Lavonne alikuwa maili nne mbali, kwenye kituo cha mafuta, akitazama kwenye simu matangazo aliyokuwa akirusha binamu wa Tamrah. Mwandishi wa makala haya alikuwa kiti cha pembeni.

Tamrah akasimama. Akashukuru. Mkono wake ukaenda juu ya kofia ya zambarau ya akina Corliss, ukasita, na picha ikaganda.

"La, la, la," Lavonne akasema, akiitikisa simu. "Jamani, si sasa!"

Akafumba macho, lakini safari hii, anasema, hakuona taa wala watu. Aliona meza tu.

Mlango wa duka ukafunguliwa kwa kishindo. Muuzaji, Ozella Crum, aliyekuwa ameiona fulana ya chungwa ya Lavonne na akitazama matangazo yaleyale, alitoka mbio na simu yake mkononi.

"We mama wa Ellison Hill! Kavaa ya chungwa! Ya chungwa, nakwambia!"

Lavonne alishuka garini, akamkumbatia mwanamke ambaye hakuwa akimjua hata jina, wakaruka wote wawili kati ya pampu za mafuta. Dereva wa lori akapiga honi bila kujua sababu. Halafu Lavonne akarudi garini, akashika usukani, furaha ikamtoka usoni.

"Sasa lile neno nililompa bibi inabidi liwe kweli," akasema.

Leo ni Januari, na Jumanne na Alhamisi jioni utamkuta darasani hapohapo chuoni, safu ya nyuma, kati ya vijana wa miaka kumi na tisa, akisomea huduma ya majeruhi wa michezo. Mwalimu ni Weldon Sykes. Mtihani wa kwanza alipata 43.

"Kocha," Weldon anamwambia, akishika mfano wa mifupa ya mguu, "hapo umeandika mfupa wa kiganja."

"Si mifupa yote myeupe?"

"Ungeomba tu chuo kiajiri mtabibu wa pili."

"Nimeomba. Wamesema watafikiria. Goti halitawasubiri wafikirie."

Mtihani wa pili amepata 71. Mkataba wake umeongezwa miaka minne, sawa na masomo ya Tamrah, ambaye anawasili Agosti. Lavonne anataka awe amemaliza kozi ifikapo siku hiyo, ajue kulifunga lile goti, kulinyoosha, kulisikiliza linapoanza kulalamika.

Anamaliza kukunja bandeji aliyokuwa akijifunzia kwenye goti lake mwenyewe.

"Unajua ninachokiomba?" anasema. "Naomba nisome yote haya, nifaulu, nipewe na cheti. Halafu miaka minne ipite, aondoke na shahada yake, na mimi niwe nimesoma bure."