Palizi ya Mong'ina

Mume wangu Nyangate alifundisha darasa la ubatizo kanisani kwetu, upande wa Ekerenyo, tangu mwaka wa uhuru, na nawaambia mimi mkewe, kazi ile ilimmaliza. Kila Sabato mchana alikaa na watu wake kwenye benchi la nyuma akiwauliza wanaishije nyumbani. Jumatatu anaamka kwenda kuona kama waliyomjibu ni kweli. Milima yetu mnaijua. Jioni anarudi magoti yamevimba, namkanda kwa maji moto huku nikigombana naye. "Baba Momanyi, majani yetu ya chai atayachuma nani?" Ananyamaza. Alikuwa na kunyamaza kunakokera, mzee yule!

Mwaka wa sitini na nane akaja mhubiri mgeni na hema kubwa na kipaza sauti. Loo, watu walijaa! Siku ya mwisho zaidi ya mia mbili walisimama mbele kujitoa, mchungaji wetu akashangilia mpaka sauti ikakauka. Hema likakunjwa, mhubiri akaenda zake, na watu wote wale wakaachiwa nani? Nyangate. Mvua za kupanda zilipoanza, wengi walikuwa wameshapotea.

Mong'ina alibaki. Alikuwa mjane, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, mpika pombe hodari. Darasani aliambiwa aache pombe, akaacha, akavunja mitungi yake kwa mikono yake. Sisi tukaimba. Hakuna hata mmoja wetu, wala mume wangu na busara zake zote, aliyekumbuka risaga. Risaga ndilo kundi la majirani wanaokuja kukusaidia palizi, na tangu zamani shukrani yao ni pombe.

Siku ya palizi shemeji yake, Ogari, akafika na kundi zima, majembe mabegani. Mong'ina akawatolea chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Ogari akachungulia sufuria, akacheka. "Shemeji, hii wape watoto. Sisi tunakwenda kwa watu." Wakageuka wote. Magugu yalikuwa yameanza kulimeza wimbi lake, yaani ulezi wa uji na ugali, na wimbi lile likifa, wanawe wangekula nini mwaka huo?

Mong'ina akaja kwetu na matope miguuni. Hakulia. "Mwalimu," alisema, "umenifundisha kuacha kupika. Hukunifundisha nitalimaje. Mimi nawasha moto, napika. Mungu akitaka kunichoma anichome, lakini watoto wangu watakula."

Nikamsogezea kigoda akae. Alisema kweli tupu. Nyangate akamwomba asubiri mpaka kesho tu, na asubuhi nikamwona anachukua jembe dogo.

"Unakwenda wapi na mgongo huo?"

"Kwa Mong'ina."

"Na shamba letu?"

Akashika njia ya mtoni. Nikasonya, nikachukua jembe langu nikamfuata.

Kupalilia wimbi si kupalilia mahindi. Unainama tangu asubuhi ukichambua gugu na wimbi kwa vidole, na vyote vinafanana. Tuliinama siku baada ya siku. Tukawaita wale waliosimama mbele hemani. Huyu mgonjwa, yule ana safari ya Kisii. Mchungaji akapita njiani, akasimama. "Mzee Nyangate, wakubwa wanauliza tutabatiza wangapi. Makanisa mengine yameleta umati."

Mume wangu hakuinua hata kichwa. "Mchungaji, mgongo unaniuma. Kama una jembe, karibu."

Hakuwa nalo.

Wimbi likakomaa, na Mong'ina hakupika. Katika darasa letu alibatizwa yeye peke yake, na tulipokuwa tukirudi kutoka mtoni watu walitucheka: hema lote lile, mtu mmoja!

Miaka ikaenda hivyo hivyo, mmoja, wawili, mwaka mwingine hakuna. Sitawadanganya kwamba tulifurahi. Tulichoka. Chai yetu iliingia magugu, Nyangate akaanza kutembea na mkongojo.

Mwaka wa sabini na nne hema likarudi. Makelele yale yale, watu wakamiminika mbele. Mume wangu akainamisha kichwa. "Mama Momanyi," akaninong'oneza, "hawa siwawezi. Miguu imekwisha." Nilimshika mkono.

Watu walipoanza kutawanyika, nikamwona Mong'ina akipenya katikati yao hadi kwa mwanamke kijana aliyekuwa amesimama mbele, mtoto mgongoni, akifuta machozi. Hakumpigia haleluya.

"Binti, unaitwa nani?"

"Orpah."

"Orpah, wimbi lako unapalilia lini? Twende unionyeshe njia ya kwenu."

Nyangate alisikia. Akajifunika uso kwa kofia yake akalia, mabega yakitikisika, nami nikakaa naye pale mpaka mabenchi yote yakaondolewa.