Waliomponya Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli alikaa kwenye kona ya sebule yao, grisi bado imo kwenye kucha, akiwasikiliza ndugu zake wakigombania afya yake kama nguo za mtumba. Mtafiti kutoka hospitali, mama mwenye sauti ya chini, alikuwa amekuja kuuliza jinsi wagonjwa wa akili waliotibiwa miaka ya nyuma wanavyoendelea, na nini kiliwasaidia.

Mjomba alidakia kabla fundi mwenyewe hajafungua mdomo. "Nimemponya mimi. Nilimkalisha chini, nikamwambia ajikaze kiume."

"Wewe?" Shangazi akabetua midomo. "Na mafusho yangu je? Nusura niunguze nyumba kwa ajili yake."

Fundi aliwadharau kutoka moyoni. Alipokuwa akisikia sauti ukutani, mjomba alipita uchochoroni ili wasikutane, na shangazi alimtengea kikombe chake peke yake. Waliompeleka hospitali ni wateja wake. Sasa anafungua kibanda kila asubuhi, na wote wamekuwa waganga. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ila upumbavu wa mjomba ulikuwa na meno. Kwake yeye, aliyepona hamezi dawa. Akimeza, anamwaibisha aliyemponya. Basi wiki iliyopita aliuchukua mkebe wa vidonge, akautia mfukoni mwa koti, na kila alipoombwa alicheka tu.

"Niliambiwa aliwahi kupona, kisha akaugua tena," mtafiti alisema. "Ilikuwaje?"

Shangazi alianza kukagua pindo la gauni lake. Mjomba akakohoa. "Hayo ni mapenzi ya Mungu."

"Nikipona ni wewe, nikiugua ni Mungu," fundi akasema. "Mara ile dawa ulizitupa chooni, mjomba. Safari hii zimo kwenye koti lako. Nipe dawa zangu."

"Unaniumbua mbele ya mgeni, mpwa wangu? Wewe si mzima?"

"Leo asubuhi nilikuwa najaza tairi upepo, nikasikia mtu ananiita kwa jina. Nilipogeuka, hapakuwa na mtu."

Mjomba aliacha kutabasamu. Alirudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta, akapapasa koti, kisha akaunyoosha mkebe kwa mbali, ameushika kwa ncha za vidole.