Kadi za Madaraja

Jumapili moja, baada ya ibada, mume wangu Yakobo alizitandaza kadi zake kitandani, nami nikamgombeza maana nilitaka mahali pa kukunjia nguo. Alikuwa mwalimu wa jiografia huko kwetu Fizi, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kadi za posta za kale zenye picha za madaraja. Wanaume wengine huhonga wanawake. Wangu alihonga makarani wa posta wampekulie makabati.

Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa na maneno ya Kifaransa nyuma, mwandiko wa Mzungu fulani wa enzi za Wabelgiji: "Tutafika darajani Jumamosi. Salamu kwa wote." Yakobo aliyasoma kwa sauti ya puani, watoto wakavunjika mbavu.

Siku chache baadaye vita vilifika mtaani kwetu. Tukakimbilia ziwani, mimi na watoto wawili mbele, Yakobo nyuma na mfuko wa unga. Kadi alizificha ndani ya shati. Wiki ile ile daraja la mjini lilikuwa limelipuliwa.

Kwenye kizuizi cha barabarani, wapiganaji walitupekua. Mkubwa wao alijua kusoma.

"Kila foto ni kilalo," alisema. Kwetu daraja ni kilalo. "Na hapa wanaandika batafika samedi. Ni banani?" Alitaka kujua ni akina nani hao watakaofika Jumamosi.

"Ni ya zamani, chef. Angalia tembre, ni ya wakati wa Babeleji."

Hakuiangalia stempu.

"Enda na watoto," Yakobo aliniambia. "Nitawafuata."

Walimpeleka nyuma ya kanisa.

Nikasikia mlio mmoja.

Yule mkubwa alirudi peke yake, akanipa kadi zote. "Shika makaratasi yako, mama."

Leo nauza sabuni na dagaa hapa ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na bado nakusanya. Wanaonijua huniletea. Juzi mwalimu mmoja wa Kasulu aliniletea kadi ya daraja la kale la mto Malagarasi, nikamsimulia habari hii. Machozi yalimlenga.

"Pole, Mama Furaha. Angalau hizi kadi walikurudishia."

Nikamshukuru, maana ni mtu mwema. Lakini hapo hapo ndipo panaponiuma. Kama kweli zingekuwa siri za adui, yule mtu asingenipa hata moja. Alijua ni picha tu.