Ekzosi Iliyolazimishwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Msimamizi wa Karakana, Mzee Hyera, alinikabidhi ekzosi kuukuu ya pikipiki, akaniambia niitikise kisha nimweleze nilichosikia. Nilimwambia kuna vipande vinacheza ndani. Akaifunga kwenye jiriwa, akaikata kwa msumeno wa chuma mbele yangu ili nione. Ndani ya lile tumbo la bati mlikuwa na visahani vyenye matundu, vilivyopangwa ili moshi upite kwa kuzunguka na kishindo chake kipungue kabla haujatoka nje. Visahani vikiliwa na kutu na kukatika, pikipiki hupiga kelele na injini hupoteza nguvu mlimani.

"Huku kwetu barabara yote ni mlima," alisema. "Kwa hiyo hiki usikione pambo."

Nilikuwa nimetoka kijiji cha Ruanda, kwa wazazi wakulima wa kahawa, nikiwa na cheti cha ufundi cha shule ya misheni. Karakana ya wilaya pale Mbinga ilikuwa na mafundi wanne, wote wanaume, na madereva wengine wakiniona walinyoosha shingo kutafuta fundi mwingine. Mzee Hyera hakunitetea kwa maneno mengi. Aliwaambia tu kwamba pikipiki ni za binti huyu, na asiyetaka aende kwa miguu. Baada ya muda pikipiki zote za idara ya afya zikawa mikononi mwangu.

Zilikuwa pikipiki za msaada, zimekwisha zeeka, za silinda moja. Injini ya namna hiyo ina pistoni moja tu, hivyo kila mlipuko hutikisa kila kitu kilichofungwa kwenye fremu. Ekzosi yake hushikwa sehemu mbili. Mbele hukaa kwenye kichwa cha silinda, kwa nati mbili zinazokazwa kwenye stadi, yaani vyuma vyenye uzi vilivyopandwa pale kichwani, na katikati huwekwa gasketi ya shaba, pete inayozuia moto usivuje. Nyuma hushikwa na bolti moja inayopita kwenye kishikizo cha ekzosi na kuingia kwenye fremu. Kuibadilisha si kazi ngumu kama una subira. Nati zenye kutu unazilowesha dizeli tangu jana yake. Stadi ikikatika kwa haraka yako, umejipatia kazi ya siku mbili. Gasketi ya zamani unaikwangua yote. Kisha unavalisha kila kitu kwa vidole kwanza, unakaza mbele kidogo kidogo, nati hii kisha ile, na bolti ya nyuma inakuwa ya mwisho.

Hiyo bolti ya nyuma ndiyo Mzee Hyera aliyoitungia sheria. Ilipaswa kuingia kwa vidole. "Isipokaa yenyewe usiilazimishe," alikuwa akisema. "Chuma ulichokivuta kitashinda kutwa kinataka kurudi kilikotoka."

Zamani sheria hiyo haikunisumbua, kwa sababu ekzosi tulizofunga zilitoka stoo ya serikali, zimetengenezwa kwa pikipiki zile zile. Ulijaza fomu, fomu ikaenda Songea, nawe ukasubiri miezi. Tuliziba matundu kwa bati la kopo na waya huku tukisubiri. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, na maduka ya vipuri yakaota karibu na soko la kahawa. Duka kubwa lilikuwa la Bwana Salum, mtu mpole ambaye wazee wake walitoka pwani. Ekzosi zilining'inia mlangoni kwake, zimepakwa rangi inayong'aa, zimetoka nchi ambazo hata yeye hakuzijua. Hakumdanganya mtu. Alikuwa anasema wazi kwamba zinafanana na za pikipiki zetu, lakini hawezi kuapa kwamba ni zenyewe. Sisi mafundi tulizifurahia kupita kiasi. Baada ya miaka ya bati la kopo, kupata ekzosi asubuhi ile ile unayoihitaji kulitulewesha.

Mwaka mmoja, mwishoni mwa masika, surua ilishika vijiji vya ufukweni. Watoto walikuwa wakifa kule chini ziwani. Mganga Mkuu wa Wilaya aliagiza chanjo ishushwe asubuhi iliyofuata. Ingekwenda kwenye sanduku la baridi lililojazwa barafu, ambayo ingedumu mpaka jioni tu. Gari pekee lililokuwa zima lilikuwa limekwenda Songea kuchukua dawa na lingerudi baadaye asubuhi. Kwa hiyo chanjo ilipewa Bwana Afya Ndunguru, kijana mwembamba mcheshi aliyeijua barabara ile kuliko dereva yeyote. Jioni alileta pikipiki yake karakana. Ekzosi ilikuwa imeoza, imepasuka ubavuni, inatema moto karibu na mguu.

Nilizilowesha nati dizeli usiku huo, na asubuhi zilitoka bila kukata stadi. Nikajiona nimebahatika. Mzee Hyera alikuwa ameitwa kikaoni ofisi ya wilaya. Alipita akaitazama ekzosi mpya niliyonunua dukani kwa Bwana Salum, akanikumbusha sheria yake, akaondoka.

Mbele ilikaa vizuri. Nyuma tundu la kishikizo halikulingana na tundu la fremu. Lilipungua kama upana wa kidole. Bwana Afya alikuwa amesimama juu yangu, anatazama saa. Mhudumu wa hospitali alikuja mara mbili kuuliza kama pikipiki iko tayari. Nilijua la kufanya: kukata kipande cha chuma bapa, kukitoboa, kukiweka kati kama kiungo. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Badala yake nilichukua mtaimbo, nikauchomeka kati ya fremu na ekzosi, nikavuta mpaka matundu yakakutana, nikaisukuma bolti kwa nyundo. Niliikaza kwa nguvu zangu zote. Pikipiki ikawaka, sauti ikawa nzuri kama ya pikipiki mpya. Bwana Afya alinishukuru, akaenda hospitali kupakia sanduku.

Mzee Hyera alirudi kama saa moja baadaye. Nilikuwa nafuta spana. Aliuliza kama Bwana Afya ameshaondoka, nikajibu ndiyo. Akauliza tena, "Nyuma ilikaa yenyewe?"

Nikasema, "Ilikaa, Mzee."

Akaingia ofisini kwake kuandika. Mimi nikabaki na kitambaa mkononi, nautazama mtaimbo pale sakafuni nilipouacha. Nilijiambia itashika, kilomita si nyingi, nitaifungua akirudi. Kisha nikaifikiria ile barabara ya kuteremka ziwani, kona zake na mawe yake, na injini ya silinda moja inavyotikisa. Niliweka kitambaa chini, nikakiokota tena. Hatimaye nikaenda mlangoni pake.

"Mzee, nilisema uongo. Niliivuta kwa mtaimbo."

Hakufoka. Aliniuliza nilivuta kiasi gani, nikamwonyesha kidole. Akasimama, akachukua funguo. Gari lilikuwa limeingia kutoka Songea muda si mrefu. Akaniambia nibebe sanduku la vifaa.

Tuliondoka Mbinga. Njia ilikuwa na utelezi, na Mzee Hyera, ambaye siku zote aliendesha kama anasindikiza msiba, siku ile aliendesha mpaka nikashika dashibodi kwa mikono miwili. Tumaini letu lilikuwa moja: Bwana Afya alipaswa kusimama kwenye zahanati njiani kuacha sehemu ya chanjo. Tulipofika muuguzi alisema ameondoka si zamani, na kwamba pikipiki ilikuwa na mlio mbaya wakati anaingia, lakini alikataa kuchelewa kwa sababu ya barafu.

Mlio mbaya ulikuwa na maana moja. Kishikizo cha nyuma kilikuwa kimekatika, ekzosi inaning'inia kwa nati za mbele peke yake, na nati zinalegea. Nilimweleza Mzee Hyera hivyo. Alijibu kwamba anajua.

Mbele kidogo, mama mmoja aliyebeba mihogo alituambia imepita pikipiki inayolia kama bunduki. Pale barabara inapoanza kuporomoka kuelekea ziwani, Mzee Hyera alizima gari. Sikuelewa, kisha nikaelewa: alitaka tusikilize. Ziwa lilionekana chini kabisa, jeupe kwa jua. Tukausikia mlio, kona mbili au tatu chini yetu, mkali na wa kukatikakatika. Nilifurahi, kwa sababu kama inalia, basi inakwenda. Mzee Hyera aliweka mkono kwenye ufunguo. Hapo hapo mlio ukakoma. Haukufifia kama wa mtu anayezima injini kwa hiari yake. Ulikatika kwa kishindo.

Tulimkuta kwenye kona ya tatu. Mkia wa ekzosi ulikuwa umedondoka, ukajikita kwenye jiwe, ukaibinua pikipiki. Bwana Afya alikuwa chini yake, mguu wa kulia umelaliwa na bomba lenye moto. Petroli ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye tangi, matone yake yanakimbilia kwenye injini. Sanduku la baridi lilikuwa limefungwa nyuma bado, halijafunguka. Hakuwa akilia. Aliwahi kusema tu, "Zima koki."

Mzee Hyera alifunga koki ya mafuta. Mimi nilishika bomba. Sikutafuta kitambaa, wala sikukumbuka kwamba lina moto, nikainua mpaka mguu ukatoka. Ngozi ya kiganja changu ilibaki pale. Ngozi ya mguu wake pia ilibaki pale, na nyingi zaidi. Harufu ile siwezi kuiandika.

Tulimpandisha garini pamoja na sanduku. Nikataka kupanda. Mzee Hyera akanizuia kwa mkono.

"Mimi namshusha huyu na chanjo. Wewe baki na kazi yako. Nikirudi niikute imefungwa inavyopasa."

Akaniachia sanduku la vifaa na kipande cha chuma bapa kilichokuwa chini ya kiti. Nilikaa kwenye kona ile mpaka alasiri. Nilifunga kiganja kwa kipande cha kanga niliyojitanda, nikafanya kazi kwa mkono wa kushoto. Nilikata chuma, nikakitoboa kwa keekee ya mkono, nikatengeneza kiungo. Nati moja ya mbele ilikuwa imepotea, nikatoa ya saizi ile kwenye keria. Nilikunjua nilichoweza kukunjua. Watu waliopita walinipa pole, wakidhani ndimi niliyeanguka, nami sikuwasahihisha.

Mzee Hyera aliporudi alisema chanjo imefika na barafu bado ipo, na kwamba Bwana Afya amelazwa. Kisha alichuchumaa, akafungua bolti ya nyuma kabisa, akatazama kama ekzosi itaruka pembeni. Haikuruka. Akairudisha bolti kwa vidole viwili.

"Kaza," alisema.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nikakiri kwamba niliilazimisha ekzosi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinipa barua ya onyo na kunihamishia Mbamba Bay, kule ziwani, kwenye karakana ndogo ya kituo cha afya, ambako nilihudumia pikipiki tatu na injini ya boti ya wagonjwa. Nilikaa huko miaka kadhaa, nikajifunza Kinyasa, lugha ya watu wa ufukweni, cha kutosha kuombea samaki. Bwana Afya alipona, lakini mguu ule haukukunjika tena vizuri. Aliporudi kazini, alileta pikipiki yake kwangu bila kupita kwa fundi mwingine. Aliketi kwenye kigoda akinitazama ninavyoifungua, akanisimulia habari za watoto waliochanjwa siku ile. Nilishindwa kuinua uso.

Baadaye nilirudishwa Mbinga, Mzee Hyera akastaafu, na cheo cha usimamizi wa karakana kikaangukia kwangu. Nilifundisha mafundi wengi. Nami nimestaafu sasa. Bodaboda zimejaa mjini, na vijana wanazifunga ekzosi kwa kuvuta kila siku. Nikiwaambia, wananiamkia vizuri, Shikamoo mama, halafu wanaendelea kuvuta.

Lakini katika kukiri kwangu kote lipo jambo nililolibakiza. Mganga Mkuu alijua juu ya mtaimbo. Hakujua kwamba niliulizwa nikajibu uongo, kisha nikakaa na kitambaa mkononi. Mzee Hyera hakumwambia mtu, na amezikwa nalo. Mlio ulikoma tukiwa kona tatu nyuma. Mahesabu yake nimeyafanya mara nyingi kuliko yoyote niliyofanya kazini.

Kwa hiyo, kabla ya kumpa mtu mwingine kurasa hizi, nilimpelekea Bwana Afya Ndunguru nyumbani kwake. Yeye naye ni mzee wa wajukuu. Alisoma taratibu, ameunyoosha mguu wake kwenye kiti kingine kama afanyavyo siku zote. Alipomaliza alivua miwani.

"Ulikaa kimya muda gani?" aliniuliza.

Nilimwambia dakika tano, labda sita.

Aliutazama mguu, kisha akanitazama mimi. "Ni nyingi," alisema.

Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Tulikaa pale mpaka mkewe akaleta chai. Bwana Afya akamimina yangu kikombeni, kisha yake, akaniuliza kama kiganja bado kinanisumbua wakati wa baridi. Nikamwambia kinanisumbua. Akasema na mguu wake vivyo hivyo.