Jina la Eve kwenye Fomu

Kwa miaka tisa Nerima alizunguka ploti za Kariobangi akiwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kazi yake ilikuwa kuwatafuta waliokohoa kupita wiki mbili, kuwapa vichupa vya makohozi na kuvipeleka zahanati vikapimwe kifua kikuu. Mgonjwa akipatikana, Nerima ndiye aliyeketi naye kujaza fomu ya watu aliokaa nao karibu. Wengi walificha majina. Hakuwaacha mpaka wayataje.

Mwaka wa tisa, mvua za Aprili zilipoanza, akaanza kukohoa mwenyewe. Akasema ni moshi wa jiko. Mei akasema ni baridi. Gauni la kwaya likawa linamning'inia, akalipunguza kwa sindano, basi.

Asubuhi moja ya Julai alipeleka vichupa vinne zahanati. Magan, mpimaji wa hapo, alimsikiliza akikohoa mlangoni, kisha akamsukumia kichupa kingine kitupu.

"Hiki ni cha nani?" Nerima akauliza.

"Ni chako, Mama Opicho."

Kesho yake majibu yalitoka. Alikuwa na kifua kikuu. Magan akamwekea fomu mezani, na kalamu. Nerima akaandika wanakwaya wa benchi lake, akamwandika mwanawe Opicho, halafu mkono ukasita. Jirani yake Mirriam aliuza sukumawiki katika soko la Muthurwa, na kila alasiri alimwachia Eve, bintiye wa miaka miwili. Eve alikuwa halali ila mgongoni mwa Nerima, na mlango ulifungwa kuzuia baridi.

"Kuna mwingine?"

Akaandika: Eve.

Hakukubali mtu mwingine aende kumwambia Mirriam. Alivaa barakoa, akasimama uani hatua kadhaa kutoka mlangoni, akamweleza yote.

Mirriam alisikiliza akiwa amempakata mtoto. "Umekohoa miezi mitatu," akasema kwa sauti ya chini. "Na wewe ndiye uliyetufundisha wiki mbili."

"Ndiyo."

"Sasa ilikuwaje?"

"Niliogopa, Mama Eve. Nilijua, nikaogopa."

Mirriam akaingia ndani, akafunga mlango.

Opicho alipatikana mzima. Eve, kwa kuwa mtoto wa umri ule hawezi kutoa makohozi, alipimwa choo na kupigwa picha ya kifua. Alikuwa mgonjwa. Magan alipomwambia, Nerima alikwenda nyuma ya zahanati, penye tangi la maji, akalia huku ameshika ukuta.

Alimeza dawa miezi sita bila kuruka siku. Eve alipewa vidonge vya kuyeyushwa kwenye maji. Kila asubuhi Nerima alimsikia ng'ambo ya ukuta akivikataa, na mama yake akimbembeleza. Wote wawili walipona. Eve alinenepa, akaanza kupanda ngazi peke yake. Lakini hakuachwa tena kwa Nerima, na Mirriam alimsalimia kwa kutikisa kichwa tu.

Februari Nerima alirudi kazini. Sasa kila nyumba alianza kwa kusimulia yaliyompata, bila kulitaja jina la mtoto. Wengine walimfungia mlango kabla hajamaliza.

Jumamosi moja Mirriam alimsimamisha ngazini. Hakumtazama usoni.

"Yule mpangaji mpya wa ghorofa ya juu anakohoa wiki ya tatu hii," akasema. "Nenda umwone."

"Nitaenda leo."

"Nenda sasa hivi. Ana watoto."