Siku Niliyomrekodi Kaka Mferejini

Nilipoanza mafunzo ya afya ya akili katika kliniki iliyo karibu na kwetu Pumwani, nilikuwa mwanafunzi bora darasani, na nilijua hivyo. Tulikuwa wahudumu wa afya wa mtaani, wengi wetu akina mama, na kila Jumamosi asubuhi tuliketi kwenye viti vya plastiki tukifundishwa na muuguzi tuliyemwita sista. Alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa Mlima Kenya, mwenye sauti ya chini, asiyependa makelele.

Alitueleza kwamba magonjwa ya akili si kitu kimoja kinachoitwa wazimu. Ni mengi, na yana mafungu yake. Kuna sonona, inayomnyang'anya mtu hamu ya kila kitu, hata ya kuoga. Kuna hofu isiyokwisha, moyo unadunda na kifua kinabana na hakuna kilichotokea. Kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka: mwezi huu mtu halali, anajenga maghorofa kwa maneno, na mwezi ujao hawezi kutoka kitandani. Kuna yale ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kuna kidonda kinachobaki moyoni mwa mtu aliyepitia moto, vita au kubakwa. Na kuna fungu jingine, alisema, ambalo tungelifikia baadaye.

Niliyakariri hayo kama mtoto wa madrasa anavyokariri sura fupi, kisha nikaanza kuyagawa mtaani. Jirani aliyegombana na mumewe wiki moja na kucheka naye wiki iliyofuata, nilimwambia ana ugonjwa wa kupanda na kushuka. Muuza makaa alikuwa amefiwa tu na hakutaka maneno; nilimtangaza kwa watu watatu kwamba ana sonona. Sista alikuwa ametuonya waziwazi: kazi yetu ni kusikiliza na kumsaidia mtu afike kliniki, si kumbandika jina. Hilo sikuliandika katika daftari langu.

Nyumbani niliishi na kaka yangu, aliyenizidi miaka sita. Hakuwa ameoa. Alikuwa fundi wa kushona kanzu, na cherehani yake ilikuwa chini ya ngazi za jengo moja la maduka huko Eastleigh. Mimi nilikuwa nikipika mahamri na mbaazi asubuhi na kuuza mlangoni. Tangu mama yetu afariki tulikuwa tunakula pamoja, vyumba viwili, mlango kwa mlango, katika ploti ile ile ya vyumba vya kupanga tulimozaliwa.

Ploti yetu ina mfereji mmoja uani, na maji huja siku mbili tu kwa wiki. Siku hizo watu hupanga mitungi mapema. Kaka alikuwa anakuja hapo kutia udhu, na udhu wake ulianza kurefuka. Mwanzo dakika tano, baadaye kumi, mwishowe nusu saa na zaidi. Alikuwa anaosha mkono mpaka kwenye kiwiko, anautazama, anatikisa kichwa, anaanza upya kutoka viganjani. Watu nyuma yake wanaguna. Sisi wa Majengo, mtaa wetu humo Pumwani, tuna jina la jambo hilo tangu zamani; tunasema fulani ana wasiwasi wa udhu. Tunalisema tukicheka, au tunamshauri mtu amlaani shetani aendelee na shughuli zake.

Kazini nako kulikuwa na yake. Alikuwa akimaliza kanzu anaifumua. Aliogopa kwamba sindano imevunjikia ndani ya pindo na itamchoma mtoto wa mtu. Alikuwa anawapigia wateja simu waikague nguo, na akishakata simu anawapigia tena. Wateja wakaanza kumhama. Mimi nilimwona mkaidi. Nilimwambia, "Kaka, wewe hujazeeka, mbona unajizeesha?" Naye aliendelea kufumua.

Asubuhi moja ya maji foleni ilikuwa imefika hadi lango la nje. Mwanamke mmoja aliniita kwa sauti, "Wewe daktari wa vichwa, njoo umtoe ndugu yako hapa, tupike!" Watu wakacheka. Nikaona aibu, na aibu hiyo sikuielekeza mahali pake. Nilitoa simu nikasimama mlangoni, nikamrekodi. Alikuwa ameinama, kanzu imekunjwa, anaosha mkono wa kulia kwa mara ambayo sijui ni ya ngapi. Nikasema huku narekodi, "Tazameni fundi wetu, leo anaosha mpaka dhambi za mababu." Watu wote uani walivunjika mbavu. Yeye hakugeuka. Nikaituma kwenye grupu ya familia. Niliona hakuna hatari, kwa sababu kaka alikuwa na kisimu kidogo cha vitufe, kisichopokea video.

Siku tatu baadaye video ilikuwa kila mahali. Binamu fulani aliituma kwa rafiki, rafiki akaituma kwa wenzake, na mtu nisiyemjua akaifuta sauti yangu akaiwekea muziki. Vijana wa barazani, ambao kwao kila mtu ni msee, wakampa kaka jina. Alikuwa akipita wanasema, "Niaje, Msee wa Mfereji? Maji imekuja?" Alikuwa anaitikia salamu na kuendelea na safari.

Baada ya hapo sikumwona tena mferejini. Msikitini nako aliacha kwenda, akawa anaswali chumbani. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani amejirekebisha. Nilimwambia jirani kwamba wakati mwingine mtu anahitaji kuchekwa ndipo aone makosa yake. Sikujiuliza kwa nini mitungi yetu ilikuwa inaisha upesi, wala kwa nini chumba chake kilinuka dawa ya kuondoa madoa kwenye nguo nyeupe. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Siku moja alileta nyumbani kanzu nyeupe aliyorudishiwa na mteja, yenye alama ndogo za damu kwenye ukosi. Nikamwambia ailoweke kwenye maji baridi, nikarudi kwenye mbaazi zangu.

Jumamosi ya kulifundisha fungu lililobaki ikafika. Sista aliandika ubaoni: mawazo yanayong'ang'ania, na matendo ya kurudiarudia. Kabla hajaeleza, msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyanyua simu yake. "Sista, kama huyu! Cheki, huyu ni wa hapa hapa Majengo."

Simu ikapitishwa kiti kwa kiti. Kila ilipofika watu walicheka. Iliponifikia nilimwona kaka yangu kwa nyuma, shingo yake nyembamba, muziki ukipigwa juu yake. Wengi darasani hawakupajua kwetu, na wachache waliopajua hawakuja siku hiyo. Wote walinitazama waone nitasema nini, mimi niliyekuwa na jibu la kila swali. Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikampa simu aliyekaa kando yangu.

Sista hakucheka. Aliiomba ile simu, akaitazama video mpaka mwisho, akairudisha.

"Mnadhani huyu mtu hajui kwamba mkono wake ni safi?" aliuliza.

Msichana wa nyuma akaitia simu mkobani.

"Anajua. Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Anajua, na wazo halimwachi. Akiosha, anapata nafuu ya dakika moja, halafu linarudi na nguvu zaidi. Wengine si maji. Wengine ni kufuli, wengine ni moto wa jiko, wengine wanaogopa kwamba wamemwumiza mtu bila kujua. Wanaficha kwa sababu wanaona aibu. Sasa niambieni, aliyechukua hii video alimsaidia vipi?"

Nilitazama daftari langu. Nilikuwa nimeshika kalamu kana kwamba naandika, na sikuandika neno hata moja. Ningeweza kuinua mkono. Mpaka leo sijui ni nini kingenipata kama ningeinua.

Darasa lilipokwisha nilitembea moja kwa moja hadi Eastleigh. Nilimkuta kaka chini ya ngazi, anafumua mshono kwa wembe. Nikavuta kigoda, nikakaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani na yote yalipotea.

"Kaka, ile video," nilisema. "Niliichukua mimi."

Hakuinua uso. "Najua, mdogo wangu. Mteja alinionyesha siku ya kwanza, ilikuwa bado na sauti. Mimi nikose kuijua sauti yako?"

Karibu miezi miwili ilikuwa imepita. Miezi miwili alikuwa anakula chakula changu, ananiambia ahsante, anatoka.

"Mbona hukuniambia kitu?"

"Nilidhani umenirekodi ili nijione. Wewe unasomea mambo haya." Aliweka wembe chini. "Nikajiona kweli. Nikajaribu kuacha. Nilijaribu sana. Nikashindwa, ndipo nikahamia ndoo ya chumbani, nisiwaudhi watu."

Nililia pale, wateja wakipita na mafurushi yao. Yeye ndiye aliyenipa kitambaa, na kabla ya kunipa alikikagua mara mbili kama kina sindano.

Nilimwomba twende kliniki. Alifikiri kwa wiki nzima, kisha akakubali kwa sharti moja: nisiingie ndani pamoja naye. Nikangoja kwenye benchi ukumbini. Alikaa ndani na sista saa nzima. Sista alipotoka kuchukua fomu aliniona, akasimama.

"Yule ni nani wako?"

"Kaka yangu, sista. Baba mmoja, mama mmoja."

Alinitazama. Niliona anakumbuka lile darasa, kiti changu cha mbele na kicheko changu. "Na ile video?"

"Ni mimi."

Nilitamani anifokee. Alisema tu, "Basi mletee maji ya kunywa, amekaa sana," akaenda zake.

Kaka alipelekwa kwa mtaalamu, akapewa dawa na mazungumzo ya kila wiki. Alifundishwa kukaa na wazo bila kulitii: aoshe, aondoke, avumilie moyo ukimpigia kelele mpaka utulie wenyewe. Nami niliambiwa nisimfokee, na nisimhakikishie kila mara kwamba ni safi, maana hata hilo hulilisha wazo. Imamu naye alimwita, akamwambia kwa upole kwamba shaka inayokuja baada ya udhu haifuatwi, na kwamba dini haikumtaka ajichubue ngozi. Kaka aliniambia maneno hayo yalimpunguzia mzigo kuliko vidonge. Lakini vidonge aliendelea kumeza.

Haikuwa safari ya kwenda mbele tu. Kuna wiki udhu ulikuwa wa dakika saba, na kuna wiki ulirudi nusu saa. Mikono ilipona kwanza. Baadhi ya wateja walirudi. Jina la Msee wa Mfereji halikufa, na mwaka jana alihamia mtaa wa Fedha, kwenye chumba kidogo chenye mfereji wake ndani. Alisema ni karibu na mteja mkubwa. Sikumbishia. Huja kula kwangu Ijumaa, baada ya swala, na nikimtazama mikono yeye huiweka chini ya meza.

Kwenye grupu ya familia niliandika kwamba nilikosea, na nikaomba kila mtu aifute. Wawili walijibu vizuri. Binamu mmoja alituma vikatuni vya kucheka. Nikiwa mkweli, nilimkasirikia kwa kuwa nilijiona mwenyewe ndani yake.

Muuza makaa nilimfuata nikamwomba radhi. Alisema hakumbuki, na nadhani alinisetiri.

Mwezi uliopita niliombwa nisaidie kufundisha kundi jipya la wahudumu. Nilipofika kwenye fungu la mawazo yanayong'ang'ania nilieleza yote: jinsi mtu anavyojua na bado hawezi, jinsi anavyoficha, jinsi watu wa nyumbani wanavyoweza kumwumiza wakidhani wanamrekebisha. Mama mmoja akainua mkono. "Mwalimu, unalieleza kama umeliona. Ulijifunzia wapi?"

Wote walinitazama, kama lile darasa la sista lilivyonitazama.

"Hapa hapa," nikasema, "kwa sista." Nikaugeukia ubao, nikaanza kuufuta.