Maziwa ya mtoto wa siku tisa

Jumamosi, katika duka kubwa la mjini, mbele yangu kwenye foleni alisimama bibi mmoja mwenye mtoto mchanga mgongoni. Aliweka kopo la maziwa ya unga mbele ya dada wa kaunta, lakini kiganja chake hakikuliachia.

"Binti yangu, hii iko ya mutoto wa siku tisa? Mama yake alikufa juzi."

"Maman, mimi napitishaka tu vitu ku mashini. Soma ku kopo."

"Sijue kusoma."

Nyuma yetu mtu akapaza sauti: "Maman, enda haraka, tuko tunazeekea hapa!" Wengine wakacheka.

Nikalisoma mimi. Yalikuwa maziwa ya kutia kwenye chai.

"Basi, papa, nionyeshe ya siku tisa."

Tukarudi kwenye rafu. Makopo yalijaa hadi juu, mengine yenye maandishi ya lugha nisizozijua. Nilishindwa kuchagua. Nikamwelekeza kituo cha afya, akaondoka mikono mitupu, mtoto akilia.

Zamani, maziwa ya mdogo wangu, mama alinunua kwenye duka dogo la mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya Uvira. Hakukabidhi kopo kabla ya kuuliza umri wa mtoto na nani atachemsha maji. Mwaka jana alifunga duka lake. Watu husema duka kubwa ndilo lililomfungisha. Mimi najua zaidi: kwa miaka miwili nilipita mlangoni pake kila wiki, nikampungia mkono mmoja, na mwingine umebeba mfuko wa lile duka kubwa.